Vigingi vya Shamba la Mbegu

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia aende akalale kwao. Kisa hiki nimekichoka, maana kila ninapokisimulia watu wanapiga kelele, wanagombana, kisha wanaondoka bila kunijibu. Leo nataka jibu.

Kule milimani Upare, katika kijiji cha Ikokwa, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Kajiru alikuwa na mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Angeweza kukuuzia kivuli cha nyumba yako mwenyewe, ukamshukuru. Naetwe, mama wa makamo, alikuwa hajui kuacha jambo alilolianza, hata dunia nzima imwambie limekwisha. Mzee Senzota, karani mstaafu wa baraza la kata, hakusahau neno lililowahi kuandikwa mbele yake, na alitaka kila mtu akumbuke kwamba hasahau.

Alikuwapo na wa nne, Bibi Nakiete, na kipaji chake kilikuwa dharau. Msicheke, dharau nayo ni kipaji. Bibi Nakiete alidharau bila upendeleo: matajiri kwa kujivuna, maskini kwa kulalamika, mchungaji kwa mahubiri marefu, na mbuzi wake mwenyewe kwa kumwangalia vibaya. Hadithi hii inamfuata yeye, kwa sababu mwishoni mzigo wote ulimwangukia yeye.

Bibi Nakiete ndiye aliyekuwa akishika kizibo cha ndiva. Asiyejua ndiva ni nini anisikilize: ni bwawa dogo la udongo na mawe, maji ya kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Ndiva ina mdomo mmoja, na mdomo huo una kizibo kimoja cha mti mgumu, kizito, chenye kushikwa na mtu mmoja mpaka afe au achoke. Anayekishika ndiye anayesema nani anywe leo na nani asubiri kesho. Tena ndiye msimamizi wa Shamba la Mbegu.

Shamba la Mbegu liko chini ya ukuta wa ndiva. Si la mtu, ni la Ikokwa nzima. Kila nyumba hupeleka pale mbegu yake iliyo bora, mtama, kunde, mahindi mekundu, fiwi, ipandwe na kuvunwa na kupandwa tena, ili mwaka wa njaa watu wasikose pa kuanzia. Hakuna anayejenga pale, hakuna anayechungia, hakuna anayeuza. Masharti yake ni mawili. Kwanza, kilichopandwa humo, hata kama hujui kimepandwa na nani, haking'olewi mpaka mavuno, kwa sababu zamani watu wenye mikono ya haraka waling'oa mbegu za majirani wakidhani ni magugu. Pili, kila kilichosimama humo hunyweshwa, na aliye zamu hana ruhusa ya kuchagua.

Kitu kimoja hakikuwapo katika shamba hilo, nacho ni masale. Watu wa kule hupanda masale kwenye mipaka, ule mmea wa shina jembamba na majani marefu. Sale likishatoa majani, hakuna wa kulivuka na jembe. Na ukimkosea mtu ukampelekea jani la sale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Shamba la Mbegu halikuwahi kupandwa hata sale moja mpakani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuligombania.

Basi ndipo lilipokuja bomba.

Lilikuja kwanza kama gari jeupe, kisha kama hema, kisha kama kreti za soda. Msimamizi wa kampuni alikuwa bwana mmoja aliyevaa kofia ngumu nyeupe tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wakamwita Kofia Nyeupe. Bibi Nakiete alimtazama akipita kati ya mahindi na kofia ile, akamwuliza jirani yake kwa sauti ya kusikika:

"Huyu anaogopa nini, kwamba mahindi yatamwangukia?"

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mndeme, alikuwa ameshapewa kizibao cha kung'aa, kile cha rangi ya machungwa, na tangu akivae alikuwa anatembea kama mtu anayeongoza magari ilhali Ikokwa nzima haina gari. Alisimama akasema maendeleo yamefika. Alisema hivyo mara tano. Kisha Kofia Nyeupe akatandika ramani juu ya meza, akaonyesha mstari mwekundu. Gesi ingetoka huko mbali, ingekwenda huko mbali, na katikati ingepita Ikokwa.

"Hatugusi shamba la mtu yeyote," alisema. "Mstari unapita hapa tu, kwenye ardhi isiyo na mwenyewe."

Kidole chake kilikuwa juu ya Shamba la Mbegu.

"Nani amekwambia haina mwenyewe?" aliuliza Bibi Nakiete.

"Mama, ramani haionyeshi jina wala mpaka."

"Na ramani yako ilikuwa wapi mwaka wa njaa?"

Watu wakacheka. Kofia Nyeupe naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyefundishwa kucheka na wanakijiji. Akaeleza kwamba bomba litafukiwa na watu wataendelea kulima juu yake kama kawaida, ila wasipande chenye mizizi mirefu, wasipitishe maji ya mfereji, na wasichimbe.

"Sasa tutalima nini?" aliuliza Naetwe, ambaye alitaka kweli kujua.

Kofia Nyeupe akafikiri. "Nyasi," alisema.

Njia nyingine ilikuwapo, na kila mtu aliijua. Chini bondeni kulikuwa na shamba kubwa la mkonge lililokufa miaka mingi, halina mtu wala mbuzi. Lakini kuzungukia huko ilikuwa safari ndefu, na kampuni haikupenda safari ndefu. Pale juu mstari haukuweza kusogezwa hata kidogo, maana shamba ni jembamba: upande mmoja ukuta wa ndiva, upande mwingine korongo. Bomba lipite katikati au lisipite kabisa.

Watu wa Ikokwa, ambao kwa kawaida mtu na mdogo wake wanaweza kupelekana barazani kwa ajili ya jogoo, siku hiyo walikuwa wapole ajabu. Soda zilikuwa baridi. Kilichowatia wasiwasi ni mipaka yao wenyewe. Mmoja alisema masale ya baba yake yasiguswe, mwingine akasema na ya kwake pia, na Mzee Senzota, aliyekuwa akiandika muhtasari, akaandika kwa mwandiko wake wa barazani: *Bomba halitakata mpaka wowote wa masale yenye majani.*

"Masale ndiyo nini?" aliuliza Kofia Nyeupe. Wakamwonyesha uani. "Aa, maua haya! Hakuna shida." Akatazama ramani yake, akahakikisha kwamba katika Shamba la Mbegu hayamo, akatia saini. Mwenyekiti naye akatia saini na kugonga mhuri. Senzota akaweka nakala moja kwenye kopo lake la bati. Kisha watu wakanyanyuka kufuata kreti ya mwisho, na jambo lile wakalisahau kabla hawajamaliza chupa.

Bibi Nakiete alirudi nyumbani akiwa amewadharau wote, na katika wote hao alijihesabu na yeye, maana alikuwa amesema maneno makali mengi na hakuzuia chochote. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Kizibo kilikuwa kinamshinda asubuhi za baridi. Alikuwa amepewa shamba zima na mama yake mkubwa, na sasa alijiona atalikabidhi likiwa na bomba tumboni.

Sasa sikilizeni kazi za wale watatu.

Kazi ya Kajiru ilikuwa hivi. Wapimaji wa kampuni walipofika kuweka vigingi vya mtaro, vile vya chuma vilikuwa bado kule chini tambarare, ndani ya lori lililovunjika ekseli. Kofia Nyeupe alitaka mstari uonekane siku hiyo hiyo. Akauliza nani anaweza kumletea fito arobaini kabla ya saa sita, na Kajiru akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wenzake walidhani angepanda msituni kukata mikaratusi. Hakupanda popote. Alikwenda nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake, akakata masale ya mpakani, akayapukutisha majani yote, akayachonga ncha, akaja nayo begani kama kuni. Kwa kazi hiyo alipewa buti na kofia. Kisha akawasaidia wapimaji kuvisimika vigingi vile, katikati ya Shamba la Mbegu, mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, pale pale mtaro ulipotakiwa kuchimbwa.

Bibi Nakiete alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ndiva akimtazama. Kajiru alikuwa mtoto wa kaka yake, na hakuna mtu aliyemdharau zaidi yake.

"Kajiru!" alimwita. "Umeliuza shamba la mbegu kwa buti?"

"Shangazi, buti zenyewe zinanibana," Kajiru alijibu, akaendelea kugonga.

Lakini kitu kimoja Bibi Nakiete alikiona siku ile, na hakumwambia mtu. Sale ukilichomeka kichwa chini halishiki, linaoza. Mvivu wa kawaida angechomeka ncha yoyote iliyomjia mkononi. Vile vigingi vya Kajiru, vyote arobaini, vilikuwa vimechomekwa upande wa mizizi chini.

Kazi ya Naetwe ilikuwa hivi. Kampuni ilisema mitambo itafika baada ya wiki mbili, na kama ilivyo kawaida ya mitambo, ilichukua miezi minne. Kilikuwa kiangazi kikali. Zamu ya kunywesha Shamba la Mbegu ilikuwa ya Naetwe kwa msimu ule, na alikuta humo mtama, kunde, mahindi mekundu, fiwi, na vijiti arobaini vya kampuni. Akavinywesha vyote. Watu walipomwona anatembea na ndoo kutoka kigingi hadi kigingi, walikaa ukingoni mwa njia wakicheka hadi wakashika mbavu.

"Naetwe anamwagilia bomba!" walisema. "Mwongezee na mbolea, litoe gesi mapema!"

Yeye akaendelea na ndoo yake. Maji ya ndiva yalipopungua na kila nyumba ikapewa kidogo tu, alichukua maji ya zamu yake mwenyewe, ya shamba lake, akayapeleka kwenye Shamba la Mbegu, kwa kuwa sharti linasema kila kilichosimama kinyweshwe. Maharage yake yakakauka yote. Watoto wake walikula ugali na chumvi wiki nyingi.

Katikati ya kiangazi hicho Bibi Nakiete aliamka siku moja na hasira zake zote. Alishuka shambani, akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akakivuta mpaka kikang'oka. Akataka kushika cha pili. Naetwe akaweka ndoo chini, akamshika mkono.

"Dada Nakiete, haking'olewi mpaka mavuno."

"Hii siyo mbegu! Huoni? Ni uchafu wa wale watu!"

"Kimepandwa humu. Wewe mwenyewe ulinifundisha nisiulize kimepandwa na nani."

"Naetwe, una akili kweli? Na wangekuja kupanda bomba lenyewe, ungelimwagilia?"

Naetwe alifikiri kidogo, maana alikuwa anajibu kila swali kwa uaminifu. "Kama wangelipanda humu, ningelimwagilia," alisema. Akakichukua kigingi kile, akakirudisha kwenye shimo lake, akakishindilia kwa kisigino na kukipa maji. Bibi Nakiete alipanda kilima akitukana njia nzima, na hakujua kama anamtukana Naetwe kwa ujinga wake au anajitukana mwenyewe kwa kuvunja sharti lake. Wiki tatu baadaye kigingi kile kilitoa jani. Vyote vilikuwa vimetoa majani.

Kazi ya Mzee Senzota ilikuwa hivi. Alikuwa anapita njia ya juu kila siku kwenda kunywa chai, na alikuwa wa kwanza kuona majani. Alijua palepale maana yake, kwa kuwa sentensi ile ilikuwa ndani ya kopo lake la bati. Akanyamaza. Alinyamaza mwezi mzima na siku kadhaa, kwa sababu kijiji kilipochagua kamati ya kuzungumza na kampuni, hakikumchagua. Tena siku ya kikao walimpa benchi la nyuma pamoja na vijana. Alikuwa ameapa hatafungua mdomo kwa ajili ya Ikokwa mpaka Ikokwa imwombe radhi.

Bibi Nakiete alipomkuta anatabasamu peke yake barabarani, akagundua kuna kitu. Alimuuliza kwa wema mara moja, na wema huo ulimwumiza koo.

"Najua kitu," Senzota alisema, "lakini mimi ni mtu wa benchi la nyuma."

"Mzee mzima, unanuna kama mwali!"

"Benchi lile lina msumari, Nakiete. Msumari huo ulichana suruali yangu ya barazani."

Bibi Nakiete alirudi nyumbani akimcheka. Kesho yake mtambo wa kuchimba ulisikika unapanda kilima, ukitoa moshi na kutikisa sufuria jikoni. Hapo Bibi Nakiete akaacha kucheka. Alikata jani la sale, akalishika mbele yake kama mkosaji, na mchana kweupe, watu wote wakitazama, akaenda hadi mlangoni kwa Senzota. Hakuwa amewahi kumpelekea mtu jani lile tangu azaliwe. Alikuwa akisema wanaoomba radhi ni wale waliokosa cha kusema.

"Kwa niaba ya wapumbavu wote wa Ikokwa," alisema, "na mimi nikiwa wa kwanza wao."

Senzota akalipokea, maana jani la sale halikataliwi. Akavaa koti, akachukua kopo lake, akashuka shambani, akasimama mbele ya mtambo.

Kofia Nyeupe akamwambia asogee.

"Kwanza nikuulize," Senzota alisema. "Hivi vilivyosimama mbele ya mtambo wako ni nini?"

"Ni vigingi vyetu."

"Vyenu? Mmevipanda nyie wenyewe?"

"Sisi wenyewe! Ni vya kampuni. Kuna tatizo gani?"

"Mwenyekiti Mndeme, na nyie wote mliopo hapa, mmesikia. Amekiri." Senzota akafungua kopo, akatoa karatasi, akaisoma polepole kama barazani: bomba halitakata mpaka wowote wa masale yenye majani. Akamwonyesha saini yake. Kisha akageuka akaonyesha mstari wa masale arobaini, unaometa kwa maji ya asubuhi ya Naetwe. "Yana majani au hayana?"

Kofia Nyeupe alitazama karatasi, akatazama masale, akatazama tena karatasi. Akaivua kofia yake, na kwa mara ya kwanza watu wakaona ana upara. Alisema maneno mengi ya kisheria, akampigia simu mtu ambaye hakupokea, akamtazama Mwenyekiti amsaidie. Mwenyekiti alikuwa anahangaika kuvua kizibao chake cha kung'aa na zipu ilikuwa imekwama.

Kampuni ilikwenda barazani na barazani ikashindwa, kwani ni wao waliopanda, wao waliotia saini, na wao waliokiri mbele ya watu. Walihamishia mstari wao kwenye mkonge uliokufa, kule ambako tangu mwanzo kila mtu aliwaambia wapite. Shamba la Mbegu likavunwa. Mtama ulikuwa mwingi, na mahindi mekundu yalijaza vihenge viwili.

Hapa ndipo shida ilipoanza, na hapa ndipo Bibi Nakiete alipowadharau watu wake kuliko alivyowahi kuidharau kampuni. Siku ya sherehe ya mavuno, furaha ikiwa imempanda kichwani na pombe ya miwa ikiwa imemsindikiza, alisimama juu ya ukuta wa ndiva, akakionyesha kizibo kwa kidole, akasema mbele ya kijiji kizima:

"Mikono yangu imechoka. Aliyeliokoa Shamba la Mbegu ndiye atakayekishika kizibo hiki kesho asubuhi."

Watu watatu wakanyanyuka kwa pamoja.

"Shangazi, ni mimi," alisema Kajiru. "Kama ningeleta mikaratusi, Naetwe angemwagilia kuni, na Mzee Senzota angesomea kuni. Niliwapa wale watu mpaka, wakaulipia wenyewe."

"Ulijua ulichokuwa unafanya?" aliuliza Bibi Nakiete. "Au ulikuwa mvivu tu wa kupanda msituni?"

Kajiru akatabasamu tabasamu lake la sokoni. "Nikikwambia nilijua, utaniamini?"

Bibi Nakiete akaitazama miguu ya Kajiru. Alizikumbuka zile ncha arobaini. Alizikumbuka pia zile buti, ambazo alikuwa amezivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo.

"Ni mimi," alisema Naetwe, bila kupaza sauti. "Vilitoka kwa Kajiru vikiwa vijiti. Mimi ndiye niliyevifanya vikawa masale. Maharage yangu yote yalikufa, na nyie mlicheka."

"Lakini hukujua unaokoa nini," Senzota alimwambia.

"Sikujua. Kama ningesubiri kujua, vingekauka."

Watu waliokuwa wamecheka wakatazama chini, wakajifanya wanatafuta vitu vilivyowadondoka.

"Ni mimi," alisema Senzota, akisafisha miwani. "Masale bila karatasi ni maua, bwana yule mwenyewe alisema hivyo. Mimi ndiye niliyeiandika sentensi, mimi niliyeitunza, mimi niliyesimama mbele ya mtambo. Hawa wawili walifanya kazi ya mikono wasiyoijua maana yake."

"Ulijua mwezi mzima ukanyamaza kwa ajili ya benchi!" Kajiru alimrukia. "Mtambo ungefika wiki moja kabla, ungekuwa bado umenuna!"

"Na wewe uliwakatia fito kabla hujui kama kuna atakayezinywesha!"

"Na nyie wote wawili," alisema Naetwe, "hakuna aliyenisaidia ndoo hata moja."

Wakaanza. Ndugu wa Kajiru wakasimama upande wa Kajiru, majirani wa Naetwe upande wa Naetwe, na wote waliowahi kuandikiwa barua na Senzota wakasimama upande wa Senzota. Kabla jua halijafika katikati, tayari kulikuwa na watu wawili wanaotishiana kupelekana barazani. Mwenyekiti Mndeme, aliyekuwa amefanikiwa kukata zipu kwa kisu, alipendekeza kizibo kikatwe vipande vitatu. Bibi Nakiete alimtazama mpaka akakaa.

Kukishika kwa zamu hakuruhusiwi. Kulijaribiwa enzi za babu yake. Walikishika watu wawili, wakategeana kuziba, ukuta ukapasuka, na maji yakashuka na nyumba nne. Tangu hapo kizibo ni mkono mmoja. Na atakayekishika ndiye atakayeliamulia Shamba la Mbegu mpaka atakapochoka, ndiye atakayesema mwaka wa njaa nani apewe mbegu kwanza, na ndiye atakayesimama pale atakapokuja mwingine na kofia ya rangi nyingine. Maana watakuja. Wakati ule ule wa ugomvi, gari jeupe lilikuwa limeonekana bondeni, na safari hii lilikuwa limebeba nguzo za umeme.

Bibi Nakiete alikaa juu ya ukuta, kando ya kizibo. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Chini yake shamba jipya lilikuwa limelimwa, likingoja maji ya kwanza, na kijiji kizima kilikuwa kimemgeukia. Alitafuta moyoni ile dharau yake ya siku zote, iliyokuwa haikosi neno la kumtupia kila mtu. Kwa mjanja aliipata, akakumbuka ncha arobaini. Kwa mjinga aliipata, akakumbuka ndoo. Kwa mwenye kiburi aliipata, akakumbuka kopo la bati. Ilipofika zamu yake mwenyewe aliipata nyingi kuliko zote, kwa kuwa kati ya watu wote walioipenda ile ardhi, yeye peke yake ndiye aliyeng'oa kigingi.

Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na watu wakasema ni uzee.

Haya. Nimemfikisha mpaka hapo, zaidi ya hapo sijui. Nyie mnaojua kuamua mambo ya watu wengine, mnaokaa hapa mkikunja midomo kana kwamba jibu liko wazi, niambieni: kizibo apewe nani? Aliyechonga mpaka bila kusema kwa nini, aliyeunywesha bila kujua ni mpaka, au aliyejua yote akasubiri kuombwa?

Ukishamtaja mmoja, usikae. Simama, uwafuate wale wawili waliobaki, mmoja mmoja, mlangoni kwake, umwambie usoni kwamba bila yeye shamba lingekuwapo vile vile. Ukiweza kusema hivyo bila kutazama chini, rudi unipe jibu. Ndiva imejaa, na Bibi Nakiete bado amekaa pale ukutani.